Mizani ya Viazi

Walimpandisha mwanangu kwenye mizani ya viazi. Narudia, mtu asije akadhani nimeteleza ulimi: mizani ile ile ya chuma iliyo mlangoni pa ghala la shule, inayopimia magunia yanayoteremka kutoka milimani Bugeshi, ambayo sahani yake haijawahi kukosa udongo. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, madarasa yote yamepangwa mistari. Umuhoza wangu, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alivua viatu, akapanda juu ya udongo ule, na Mwalimu Régis wa michezo akazisoma kilo zake kwa sauti ya mnadi. Kisha akamnyoshea kidole: kushoto. Kulia walikwenda walioitwa wenye afya, na kushoto wale wengine.

Mimi sikuwepo, nilikuwa kazini. Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu, Nyiraneza, ameketi uani akisafisha sambaza, vidagaa vya ziwani, na mtoto amesimama mbele yake na mkoba mgongoni.

"Leo walitupima shuleni, Koko," mtoto alimwambia bibi yake. "Mimi nimewazidi wote."

Nyiraneza aliacha samaki, akapiga makofi kwa mikono yake yenye magamba. "Eh! Mutoto wangu alishinda bote? Aksanti Yezu!" Na vigelegele juu.

Msimcheke. Mama huyu aliishi Goma, ng'ambo ya mpaka, miaka ya kukimbiakimbia vita, akapika majani yasiyo na chumvi, akazika watoto waliokuwa wepesi kuliko nguo walizofungiwa. Kwake yeye mtoto mnene ni mtoto ambaye Mungu amemwona. Mgeni akiingia kwetu huambiwa "umenenepa", naye hujibu asante. Lakini Umuhoza alimtazama bibi yake, akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia tangu nimzae.

"Wananiita Gunia," alisema. "Na Mwalimu amenitoa kwenye ngoma."

Hapo ndipo moyo uliponichoma. Kucheka watoto watacheka, na kesho watapata kingine cha kucheka. Lakini ngoma! Kikundi cha ngoma cha shule ndicho kilichokuwa kikimwamsha mtoto huyu kabla ya jogoo. Alicheza akipiga mswaki, alicheza akichota maji, alicheza kanisani mpaka padri akatabasamu. Nilipomuuliza kwa nini wamemtoa, alijibu kwamba siku ya sherehe ya shule watakuja wageni, na Mwalimu anataka mstari wa wasichana ulingane. Wa kushoto watarudi wakishapungua.

Sikatai, mwanangu ni mzito. Nina macho, na muuguzi wa zahanati alishaniambia kwa upole kwamba mtoto anahitaji kutumia mwili. Lakini autumie wapi, jamani? Asubuhi basi la shule humchukua mlangoni. Kutwa nzima yuko kwenye dawati. Kipindi cha michezo kiligeuzwa hesabu tangu mwaka jana, kwa sababu ya mtihani wa taifa. Na uwanja? Uwanja upo, tena mzuri, umepandwa nyasi za kijani mpaka karibu na ziwa, zinakatwa, zinamwagiliwa, na kila kona kuna kibao: USIKANYAGE NYASI. Watoto hupita pembeni kwenye njia ya mawe, mmoja nyuma ya mwenzake. Mimi nilisoma Ngara, upande wa Tanzania, wazazi wangu walikokimbilia. Shule yetu haikuwa na vioo madirishani, lakini alfajiri tulikimbia mchakamchaka tukiimba, vumbi mpaka puani, wanene kwa wembamba, na hakuna aliyetupima ila mwalimu wa zamu na fimbo yake kwa waliochelewa.

Kesho yake nilimwendea Madamu Illuminée, mkuu wa shule. Ni mwanamke nadhifu, sauti yake haipandi hata akikuudhi. Alinikaribisha kiti, akanimiminia chai.

"Mama Umuhoza, sisi tunampenda," alianza. "Uzito kwa watoto ni tatizo. Shule haiwezi kufumba macho."

"Nakubali, Madamu. Ila mmemwondolea zoezi pekee alilokuwa nalo."

"Ni kwa muda. Akipungua, nafasi yake ipo."

"Apungue kwa kufanya nini?"

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nyumbani mnaweza kusaidia. Mboga zaidi, wanga kidogo. Na awe na nia."

"Na uwanja, Madamu? Wangekimbia hata mara moja kwa siku."

"Nyasi zile zimetugharimu sana, mama. Zikikanyagwa zinakufa."

Mnanisikia? Nyasi zinakufa. Nami, kwa malezi yale ya kutopandisha sauti mbele ya watu, nilinyanyuka, nikasema asante. Asante ya nini! Nilitembea mpaka barabarani nikijitukana kimoyomoyo.

Usiku ule mezani Umuhoza aliisukuma sahani yake. Ulikuwa ugali na isombe, kisamvu cha kwetu, chakula anachokipenda kuliko vyote. "Nimeshiba," alisema, na hakuwa ameonja. Neno "vizuri" lilinifika kabisa kwenye ncha ya ulimi. Ndiyo, mimi mama yake, nilitaka kumsifu kwa kulala njaa. Kisha nikaona anavyoketi: amejikunja, mikono ameikumbatisha tumboni, kana kwamba anaficha kitu alichoiba. Nyiraneza naye alikuwa ananitazama.

"Mama Umuhoza," alisema polepole, "mi nilikosea kupiga vigelegele. Sikujua. Lakini we unajua. Donc utafanya nini?"

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazazi. Ukumbi ulijaa, nguo za heshima, manukato. Madamu Illuminée alieleza mpango wa afya ya watoto: wamepimwa, wametenganishwa, na kwenye ngoma shule itawakilishwa na wale walio tayari. Wazazi walipiga makofi ya adabu. Hata mama mmoja ambaye binti yake alisimama kushoto pamoja na wangu alipiga makofi, macho ameyainamisha.

Nilinyosha mkono, nikapewa nafasi.

"Nauunga mkono mpango," nilisema. "Afya ni ya sote. Naomba mizani iletwe, na sisi wazazi tupimwe."

Wakacheka. Walidhani ni utani wa kuchangamsha mkutano. Nikasema sitanii. Niliteremka mwenyewe mpaka ghalani, ukumbi mzima ukanifuata hadi barazani kwa udadisi. Nikavua viatu vyangu vya kisigino, nikapanda juu ya udongo wa viazi, nikamwita Mwalimu Régis.

"Soma, Mwalimu. Kwa sauti, kama ulivyomsomea mwanangu."

Ni kijana mzuri, simchukii. Alitazama chini. "Mama, haifai. Wewe ni mtu mzima."

"Haifai kwa nini?"

"Mbele ya watu wote hivi? Si nitakuwa nakuaibisha?"

Alipolitamka neno hilo alilisikia mwenyewe. Akaishika nguzo ya mizani kwa mikono miwili. Madamu Illuminée alikuwa mlangoni, kalamu mkononi.

Jean Paul, baba mmoja anayefanya biashara za kuvuka Petite Barrière, kizuizi cha mpakani cha kwenda Goma, mwenye tumbo la bia ambalo hajawahi kulificha, alijipenyeza mpaka mbele. "Shuka, mama, na mi pia nipande," alisema. "Anisome hata mara mbili. Halafu aniambie niende kushoto, nione kama nitakubali." Watu waliangua kicheko, lakini safari hii hakikuwa cha adabu. Yule mama aliyekuwa amepiga makofi alianza kulia. Akasema binti yake hajala vizuri tangu Jumatatu, na kwamba alikuwa anaona haya kusema. Mwingine akauliza kipindi cha michezo kilikwenda wapi. Mwingine akauliza habari ya nyasi. Mambo yakawa mengi, na kwa mara ya kwanza nilimsikia Madamu akipandisha sauti, akiomba utulivu.

Waliokuwa kushoto wakarudishwa wote kwenye ngoma. Kipindi cha michezo kikaahidiwa kufikiriwa. Nyasi, loo, nyasi ziliachwa kama zilivyo. Nilirudi nyumbani, nikamkumbatia mwanangu, nikamwambia: umeshinda. Aliniuliza kama mizani wameiondoa. Nikasema sijui.

Siku ya sherehe ilikuwa na jua zuri. Nyiraneza alivaa kitenge chake kipya, tukapata viti vya mbele. Ngoma zilipolia, wasichana waliingia kwa mstari wakiwa na mishanana, vazi letu la kujifunga begani, ya rangi ya chungwa, na Umuhoza alikuwa wa tatu. Miguu yake haikukosea hata mara moja. Uso ulitabasamu, kama walivyofundishwa. Nyiraneza alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkwama, na safari hii havikumliza mtu.

Ngoma yetu ya wasichana ni mikono. Mikono ndiyo pembe za ng'ombe wa kifalme, hupanda, hupanuka, hutwaa anga yote iliyo pembeni, na mchezaji mzuri huonekana mkubwa kuliko alivyo. Wenzake wote walipanua. Mwanangu aliinua mikono mpaka kwenye mabega, viwiko vikiwa vimebana mbavu, akaishia hapo. Nilingoja. Wimbo ukabadilika, wenzake wakazidi kutanuka, naye akazidi kujibana, asimguse mtu, asichukue nafasi ya mtu.

Mgeni mmoja, bwana wa makamo aliyeketi karibu yangu, aliniinamia. "Yule wa tatu ni wako? Anacheza vizuri sana."

"Hujamwona akicheza," nilimjibu.