Pawasaplai Nzito

Tak.

Sauti ndogo tu, kama kidole kilichogonga meza mara moja. Nilikuwa jikoni alfajiri, bado giza, napapasa rafu nikitafuta kiberiti. Kule sebuleni feni ya kompyuta ikapunguza mvumo wake, ikanyamaza, na wifi yangu akashusha pumzi ndefu.

Wifi ni dada wa mume wangu, na kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Wiki ile mjenzi alikuwa anasubiri ramani ya ghorofa mbili. Hii ilikuwa mara ya nne kompyuta kujizima katikati ya kazi na kuondoka na kila ambacho hajakihifadhi. Akawasha tochi ya simu, akamulika chini ya meza. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa amejikunja palepale, kwenye hewa ya moto inayotoka nyuma ya mashine, anapopapenda kuliko kitanda chake. Tunamwita Kidole, kwa sababu hakuna kitufe kinachompita salama.

"Kidole, umegusa tena?"

Mtoto akatikisa kichwa. Wifi akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni.

"Mchelea mwana kulia, wifi," akasema, akaniachia nimalizie mwenyewe.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu tangu mara ya pili, wala haukuwa wasiwasi juu ya mtoto. Lakini mdomo ulinitangulia. Nikamwambia Kidole aache kabisa kugusa vitu vya shangazi yake. Akatoka chini ya meza, akapanda kwenye kochi, akaikalia mikono yake yote miwili.

Nasoma masomo ya jioni ya ufundi wa kompyuta. Nyumbani wananiita Injinia, nusu utani, nusu matumaini, na hiyo nusu ya pili ndiyo niliyokuwa naishi nayo. Pawasaplai ya zamani, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, ilipokufa nilijitolea kwenda kuchagua nyingine. Mwalimu alishatufundisha: jumlisha kwanza mashine inakula wati ngapi, halafu soma ule mstari mdogo kwenye stika, wa volti kumi na mbili, uzidishe kwa ampea zake. Namba kubwa iliyoandikwa juu, alisema, ni debe tupu. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari, na daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu siku ile dukani.

Ila kwenye kaunta walikuwa wamekaa mafundi watatu. Mama mwenye duka akaniuliza kama nimepiga hesabu. Kabla sijajibu, fundi mmoja akasema hesabu ni za wanafunzi, fundi hupima kwa mkono. Ndiyo desturi yao: unaiweka pawasaplai kiganjani, ikiwa nzito basi ina shaba ya kutosha ndani. Daftari langu lina kipepeo alichokibandika Kidole kwenye jalada. Niliona haya kulitoa. Nikanyanyua moja iliyoandikwa wati mia nne na hamsini, nyepesi. Nikanyanyua nyingine iliyoandikwa mia saba, nzito kama pasi.

"Soma stika kwanza, mwanangu," mama akasema taratibu.

Nikaigeuza, nikakodoa macho kama ninayesoma, nikasema nachukua hii. Mafundi wakainamisha vichwa kunikubali. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Sasa, wifi alipotoka kwenda kumbembeleza mjenzi, nilichomoa waya, nikaivuta mashine hadi dirishani, nikaufungua ubavu wake, nikausoma ule mstari wa stika. Ampea kumi na sita. Mara kumi na mbili, wati mia moja tisini na mbili. Nikafungua daftari: prosesa sitini na tano, kadi ya picha mia na ishirini, vilivyobaki hamsini. Mia mbili thelathini na tano. Kila wifi alipoanza kuchora kuta na ngazi, kadi ilidai umeme ambao haupo, na pawasaplai ikajikata kujiokoa. Tak.

Nikaifungua pawasaplai skrubu zake, nikaibeba hadi dukani. Yule mama aliibandua mfuniko mbele yangu. Ndani, pembeni ya vifaa vichache vyembamba, kulikuwa na bonge la chuma lililogandishwa kwa gundi, kazi yake uzito tu. Mafundi walikuwepo vilevile kwenye viti vyao. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Nikaliweka daftari la kipepeo juu ya kaunta, nikapiga hesabu kwa sauti. Ile nyepesi ilikuwa na ampea thelathini na nne: wati mia nne na nane. Mama akanibadilishia.

Jioni wifi alikaa kwenye kompyuta saa nzima, na mashine ikavuma bila kukohoa. Akajinyoosha, uso umemng'aa.

"Umeona, wifi? Mtoto kaacha kugusa, na mashine imetulia. Leo nampa hongera."

Pale ningeweza kunyamaza. Kila mtu alikuwa ameridhika. Nikatazama kwenye kochi: Kidole alikuwa ameketi wima, mikono chini ya mapaja, kama alivyokaa asubuhi, kama alivyorudi kukaa baada ya chakula cha mchana.

"Si mtoto," nikasema. "Ni mimi, wifi. Sikusoma stika. Nilikununulia chuma, nikamwacha yeye abebe lawama."

Nikamweleza yote, mpaka kipepeo.

"Injinia," wifi akasema, na safari hii sikusikia utani wala matumaini. Kisha akamgeukia mtoto. "Shangazi kakuonea, mama. Nisamehe."

Nikapiga magoti mbele ya kochi. Nikamwomba mwanangu msamaha, nikamwambia atoe mikono, hajakosa kitu. Akaitoa polepole, ina michirizi ya kitambaa cha kochi, akaitazama kama si yake.

"Mikono imekufa ganzi," akasema.