Vidole Viwili vya Mshono

Jiko la zamani lilipasuka mgongoni Jumatatu asubuhi, tena lilipasuka kwa makusudi. Ndivyo Pindo alivyoamini, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo. Miaka thelathini na mbili lilikula kuni na kuipasha joto nyumba ile ya mbao bila manung'uniko, kumbe lilikuwa linasubiri wiki ambayo Mama anarudi ndipo lifungue ufa wa kuingia kidole gumba.

Pindo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa fundi cherehani, na wateja walimpachika jina hilo kwa sababu hakuna nguo iliyotoka mkononi mwake kabla hajaligeuza pindo lake mara tatu kulikagua. Ufundi alifundishwa na Mama. Cherehani ilikuwa ya Mama, na nyumba ni ile aliyojengewa na marehemu mumewe, ubao kwa ubao. Lakini kifua kilipoanza kumsumbua, Mama alihamishiwa mjini kwa binti yake mkubwa, ghorofa ya nne, akawa anashinda peke yake akitazama ukuta wa jirani. Kila akipiga simu aliuliza swali lilelile: "Narudi lini kwangu?"

Hatimaye daktari aliridhia, kwa masharti mawili: nyumba iwe na joto, na moshi usiwepo hata chembe. Dada angemleta Jumamosi ajionee mwenyewe.

"Nikikuta baridi au moshi, nageuza naye hapohapo," alimwambia Pindo kwenye simu. "Na habari za Mama kurudi huko sitaki kuzisikia tena."

"Dada, jiko lilikuwa zima hadi juzi."

"Mimi sikuulizi ya juzi."

Kwa hiyo Jumanne alifunga kibanda chake cha ushonaji, akaenda duka la majiko. Muuza majiko alivaa shati jeupe ambalo halijawahi kukutana na majivu, na hilo tu lilitosha kumtia Pindo wasiwasi. Alimsimamisha mbele ya jiko lenye mlango wa kioo.

"Hili, bwana wangu, unakaa zako unautazama moto. Raha tupu."

"Linapasha joto?"

"Moto unauona wote, mwanzo mpaka mwisho."

"Nimekuuliza joto."

Muuza majiko akakohoa kidogo, akamhamishia kwenye jiko jingine, kubwa kama kabati la nguo. Hili, alisema, linatosha vyumba vitano.

"Mimi nina viwili."

"Basi vitapata joto zaidi ya mara mbili!"

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, Pindo alilijua hilo, lakini huyu alikuwa anavuta na mkono wa mteja humohumo. Alitoka dukani bila kuaga. Njiani dada akapiga simu kusema achukue kubwa, kubwa kuliko yote, au anambania mama yao joto? Pindo alitamani kuitupa simu mtaroni.

Jirani yake alikuwa fundi bati, mtu wa maneno machache na makali, na kwa mara ya kwanza wiki ile mtu alisema jambo lenye kichwa na miguu.

"Kubwa la nini? Litawakaanga," alisema. "Mtalibania hewa ili moto upungue, na moto uliobanwa ndio unaojaza masizi kwenye bomba mpaka moshi ukose njia. La bati jepesi nalo achana nalo. Linapata moto upesi, linapoa upesi, alfajiri mtaamka meno yanagongana. Tafuta dogo, la chuma kizito."

Jumatano Pindo alirudi dukani kwa yule wa shati jeupe.

"Dogo la chuma kizito?" Muuza majiko alitikisa kichwa kwa huzuni ya kazini. "Yameisha. Labda mwezi ujao."

Pindo aligeuka kuondoka kwa hasira. Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye kona, chini ya birika, vikombe vinne na kopo la sukari.

"Na lile ni nini?"

"Lile? Lile ni meza yetu ya chai."

"Lina mlango, ndugu yangu. Lina miguu minne na shingo ya kuingizia bomba. Nyinyi mnanywa chai juu ya jiko, halafu mnaniambia majiko yameisha?"

Alilinunua likiwa bado na alama za vikombe mgongoni.

Tatizo likabaki moja. Shingo ya jiko jipya ilikuwa nyembamba kuliko bomba la moshi lililopenya paa, bomba ambalo lilikuwa bado zima. Ilihitajika kola ya bati ya kuviunganisha, chini ikae kwenye shingo, juu ilikumbatie bomba. Fundi bati alikwisha kuipima shingo alipokuja kulitazama jiko. Kipimo cha bomba aliomba kwa simu. Pindo akachukua futi yake ya kushonea, akaizungusha kwenye bomba kama anavyozungusha kiuno cha mteja. Sentimita arobaini na saba. Akajibu bila hata kufikiri: "Hamsini na moja."

Kola ililetwa Jumamosi asubuhi. Fundi bati aliiacha mlangoni akiwahi kuezeka paa la shule. Chini ilikaa vizuri sana. Juu ilining'inia kwenye bomba kama suruali ya mtu aliyetoka kuugua. Pindo alipiga simu mara sita. Fundi yuko juu ya paa, simu iko kwenye koti chini. Saa tatu na nusu. Dada atafika saa nne. Pindo akachota udongo nyuma ya nyumba, akauponda na maji, akalikandika pengo lote kwa mikono yake, akawasha moto akiwa na tope mpaka kwenye viwiko.

Na jiko likawaka, jamani. Liliwaka vizuri hata akajiona mjanja.

Mama aliingia akiwa amejifunga shali mbili. Hakumsalimia mtu kwanza. Alikwenda kuweka kiganja kwenye ubao wa ukuta, akatulia.

"Kuna joto," alisema.

Wakati huohuo udongo ulikuwa umekauka. Ukapasuka, kikaanguka kipande, kikafuata kingine, na moshi ukajimwaga kama mgeni aliyekuwa anasubiri mlango ufunguliwe. Mama alianza kukohoa. Alikohoa mpaka akaishika meza, na Pindo alisimama pale na mikono yake ya tope asijue aanze na dirisha au na mama yake.

"Umeona?" dada alisema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, ilikuwa ya uchovu, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. "Twende, Mama."

Garini, Mama aliegemea dirisha, akageuka kulitazama bomba kupitia mlango uliobaki wazi. Kisha akamtazama mwanawe, akanyanyua vidole viwili. Pindo alidhani anaaga, akapunga mkono.

Fundi bati alifika saa sita na ngazi begani. Aliitazama kola, akalitazama bomba, akamtazama Pindo.

"Kipimo ulichonipa ni cha bomba lenyewe?"

"Cha bomba, na vidole viwili vya mshono."

"Vya mshono naongeza mimi!"

"Mshono gani? Hilo si bati?"

"Ulidhani bati tunalifunga kwa gundi? Lina mshono wake, linakunjwa! Umeongeza wewe, nikaongeza na mimi."

Wakatazamana, mafundi wawili wazima. Kisha fundi bati akafungua kola, akakata ukanda wa upana wa vidole viwili kwa juu, unaochongoka mpaka kuisha chini, akaikunja upya. Haikumchukua muda wa kunywa chai. Waliwasha moto na hakuna hata uzi wa moshi uliotoka.

Fundi alipoondoka, joto lilijaa nyumba nzima. Pindo alivua sweta, halafu shati, akakaa na fulana mbele ya jiko alilolitafuta wiki nzima, akaona uchungu mtupu. Joto zuri namna hii, la nani? Simu ikaita. Namba ya dada. Nusura asiipokee.

"Umevipunguza?" Ilikuwa sauti ya Mama.

"Nini, Mama?"

"Vidole viwili. Nilikuonyesha, wewe ukanipungia. Ni mimi niliyekufundisha kuviongeza, nisivijue?"

Pindo aligeuka kuitazama kola. Nyuma ya Mama alimsikia dada akiuliza nani huyo, na Mama akimwambia asubiri, anaongea na fundi wake.

"Moshi?"

"Hakuna, Mama. Hata chembe."

"Na joto?"

"Nimevua shati."

Mama akapumua, bila kukohoa.

"Basi funga hewa, moto ulale," alisema. "Usinimalizie kuni zangu."

Pindo akainama, akafunga kilango cha hewa. Kisha akachukua magogo mawili aliyokuwa ameyaweka tayari, akatoka na fulana yake kwenye baridi, akayarudisha kwenye rundo.