Gari la Njano la Gulled

Wazungu walipoondoka Nyansiongo waliacha nyumba za mawe, mikalitusi, na duara la moramu, barabara ya changarawe nyekundu, katikati ya malisho. Watu waliogawiwa mashamba hawakujua walifanyie nini. Wazungu walikuwa wakishindanisha hapo magari makuukuu, wameyang'oa milango na madirisha ili yawe mepesi. Angwenyi alikuwa fundi wa mmoja wao. Mwajiri wake alipohamia Nairobi alimwachia kigari chenye mgongo wa kobe, kwa kuwa hakupatikana wa kukinunua. Haukupita muda mrefu, madereva na mafundi wa Kisii na Keumbu wakaanza kulizunguka duara lile wenyewe.

Walikimbia Jumapili. Wakatoliki walikuja moja kwa moja kutoka misani na nguo zao nzuri, wakarudi makwao wamejaa vumbi jekundu. Angwenyi alikuwa Msabato, na wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza kama kelele zile zinampendeza Mungu. Akawaambia kwamba Sabato hajaivunja. Hawakufurahi. Kombe halikuwepo. Mshindi alibebwa hadi kwenye tangi la maji, akamwagiwa ndoo nzima, na habari ikaishia hapo.

Aliyemsumbua Angwenyi kuliko wote ni Gulled, Msomali mzaliwa wa mjini Kisii, mwenye bucha karibu na msikiti. Gari lake lilikuwa refu, la njano, na mngurumo wake ulisikika kabla halijaonekana. Watazamaji waligawanyika pande mbili, watu wa kobe na watu wa njano, na kuna mashemeji ambao hawakusalimiana wiki nzima kwa sababu hiyo.

Yakaendelea hivyo mpaka Agosti ya mwaka 1967. Katika mzunguko wa mwisho wawili hao waliingia bega kwa bega kwenye kona ya mikalitusi, ambayo ilipinda kulia. Gulled alikuwa ndani, Angwenyi nje. Gari la njano likamjia Angwenyi ubavuni na kumsukuma nje ya njia. Kigari kikapasua seng'enge, kikabiringika, kikaishia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Angwenyi akavunjika paja. Gulled alikuja kumwona hospitalini na kifurushi cha tende; Angwenyi akageukia ukuta. Gulled akaziweka tende kitandani, akasimama kidogo, akaenda zake.

Alipotoka hospitali, Angwenyi alikuwa akichechemea. Mashindano yalififia, malisho yakalimwa mahindi, naye akafungua mashine ya kusaga unga pale Keumbu. Kwa miaka minane hakukanyaga bucha la Gulled. Lakini lori likipita barabarani na dereva akabadilisha gia vizuri, mkono wa Angwenyi ulisimama juu ya mashine mpaka sauti ipotee. Wateja walipenda kumuuliza habari za duara, na kila alipowasimulia magari yalizidi kwenda mbio.

Januari ya 1976 alifika msichana aliyejifunga mtandio. Angwenyi alimjua kwa sura: Dahabo, binti yake Gulled.

"Mzee, baba anakuita," alisema.

"Kwani yeye hana miguu?"

"Miguu anayo. Macho ndiyo yamekwisha."

Dahabo alikuwa ameolewa Nakuru na alikuja kumchukua baba yake akakae naye. Angwenyi alifunga mashine mapema siku hiyo, akapanda lori lililokuwa likishuka mjini, huku akijiambia kwamba anakwenda kununua mshipi wa mashine.

Gulled alikuwa ameketi kwenye benchi nyuma ya bucha. Aliinua kichwa aliposikia mwendo.

"Huo ndio mguu wenyewe?"

"Ndio."

Gulled akaelekeza kidole ukutani, mahali palipofunikwa turubai. "Gari liko pale. Nataka lizunguke Nyansiongo mara moja kabla sijaondoka, nami niwe ndani. Simpi mtu asiyelijua."

"Mimi silijui. Sijawahi hata kuliketia."

"Umelitazama kwenye kioo chako miaka yote ile, likiwa nyuma yako. Nani analijua zaidi?"

Angwenyi alikuja akiwa amejitayarisha kukataa. Badala yake alijikuta anavuta turubai. Rangi ilikuwa imechunika, na panya walikuwa wamelala kwenye kiti. Alilishughulikia siku kadhaa: akasafisha kabureta, akatafuta betri, akabadilisha magurudumu, akarekebisha breki mpaka akaridhika nazo. Lilipowaka, wauza nyama walitoka nje na visu mikononi. Gulled aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

Walilivuta kwa lori hadi Nyansiongo. Shamba lilikuwa la mama mmoja aitwaye Kemuma, naye alikuwa ameshavuna mahindi. Yalibaki mabua makavu. Akawajia na panga, akimtazama Angwenyi anavyotembea.

"Ni wewe uliyenivunjia birika," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Halijashika maji tena tangu siku ile."

Angwenyi akamweleza walichotaka. Kemuma akamtazama Gulled, aliyekuwa amesimama ameelekeza uso mahali pasipo na mtu. "Haya, zungukeni," akasema. "Lakini nepia yangu ya kulisha ng'ombe msiiguse."

Mzunguko wa kwanza Angwenyi alikwenda taratibu, mabua yakivunjika chini ya gari. Gulled alishika kamba mahali palipokuwa na mlango, akitabasamu meno yote nje. Mzunguko wa pili Angwenyi akakanyaga mafuta. Mikalitusi ya kwenye kona ilikuwa imekatwa, imebaki mitatu tu, ila mwili wake uliitambua kona kabla ya macho. Akakata kulia, akagusa breki. Usukani ukamponyoka. Pua ya gari ikaruka kushoto, nje, na ilibidi aushindilie kwa mikono yote miwili ndipo wakapita kando ya nepia kwa shida.

"Hili gari linavuta kushoto!" alipiga kelele.

"Tangu nililinunua," Gulled akajibu kwa sauti kubwa. "Mzungu aliyeniuzia alilipindisha fremu, akanificha."

Mzunguko wa tatu haukukamilika. Injini iligonga kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo, moshi ukatoka, gari likasimama katikati ya shamba. Wakabaki wamekaa.

"Mbona hukusema?" Angwenyi aliuliza.

"Nilikuja hospitalini kusema. Ukageukia ukuta."

"Ungesema hivyo hivyo."

"Mimi siongei na mgongo wa mtu."

Angwenyi aliitafuta hasira yake ya miaka ile. Aliikuta imepungua, lakini haikuwa imekwisha. Paja bado lilimuuma kwa sababu ya kukanyaga klachi.

"Duara lilikuwa kubwa kuliko hili," Gulled alisema baadaye.

"Ni lile lile."

"Hapana. Zamani kati ya kona na kona nilipata nafasi ya kuvuta pumzi."

Injini ilikuwa imekufa kabisa. Kemuma aliwaletea maziwa yaliyoganda, wakayanywa wamesimama, kisha lori likawarudisha mjini bila gari. Juma lile Gulled akaondoka na Dahabo. Angwenyi hakwenda kuwasindikiza kituoni, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko na foleni ya kusaga ilifika barabarani. Gari lilibaki pale liliposimama. Kemuma alilima kulizunguka, na kuku wake wakatagia kwenye viti.

Wateja walipoanza tena kumuuliza habari za zamani, Angwenyi aliwaeleza kwamba ajali ile haikuwa makusudi, kwamba gari lilikuwa na fremu iliyopinda na yeye mwenyewe amelishika usukani akaona. Watu wa kobe hawakukubali. Mzee Nyamweya, aliyekuwa hakosi kwenye seng'enge ya duara kila Jumapili, aliweka mfuko wake wa mahindi chini kwa hasira.

"Tulikuwepo," alisema. "Tulimwona kwa macho yetu akikugonga."

"Nami nilikuwa ndani ya gari, mzee."

"Ulikuwa ndani, ungeona nini?"

Walibishana mpaka Angwenyi akachoka. Akawasha mashine, na kelele zake zikafunika maneno ya wote wawili.