Mtani wa Ng'ambo ya Pili

Mwalimu Marit alikuwa na kosa moja tu kijijini Mizingani: adabu ilimzidi. Alitoka kwao Norwei kuja kujitolea kufundisha hisabati katika sekondari ya kata, mwendo wa bodaboda kutoka stesheni ya Igalula, na kabla hajapanda ndege waliomtuma walimfunda kama mwali. Salimia wakubwa. Pokea kwa mikono miwili. Usiseme neno usilolijua uzito wake. Akayashika yote kama amri za Mungu. Shikamoo zake zikawa hazina breki; siku moja akamwamkia kijana wa bodaboda ambaye hata ndevu zilikuwa bado hazijamwota, naye mpuuzi yule akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kijiji kilicheka wiki nzima.

Lakini walimpenda. Alipanga chumba cha uani kwa Mzee Shigela na mkewe, Mama Eustadia. Asubuhi alijitwika ndoo kutoka bombani na kufika nyumbani maji yakiwa yamebaki nusu, nusu nyingine iko kwenye viatu vyake. Alijifunza kusonga ugali, ukatoka na madonge, wakaula bila kusema kitu. Jioni alisahihisha madaftari huku kuku wa Mama Eustadia wakimpandia mezani kana kwamba nao wana mtihani. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Jambo moja tu lilimshinda, nalo ni utani. Levina, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimwuliza mbele za watu, "Mwalimu, hivi kwenu walikuloweka kwenye sabuni wakakusahau?" Marit akainamisha kichwa, akajibu, "Asante sana, dada." Levina alirudi kwake akilalamika kwamba kumtania yule binti ni sawa na kurusha mpira kwa mtu anayeukumbatia.

Masika yalipokolea, Mzee Shigela akafariki. Alikuwa ameshiba miaka, alilala na hakuamka, na kijiji kilimzika kwa heshima zote, padri akiwepo. Aliyewatia watu hofu ni mjane wake. Mama Eustadia hakulia alipopewa habari, hakulia jeneza lilipotolewa ndani, hakulia udongo ulipoanza kuanguka. Alikaa kwenye mkeka barazani, mgongo ukutani, macho makavu. Uji alikataa. Ugali alikataa. Maji aliyalowesha midomoni tu ili wasimsumbue. Kutwa hiyo na ya pili yake hakutamka neno.

"Huyu akiendelea hivi," Levina alinong'ona jikoni, "tutazika wawili."

Marit, aliyekuwa akiosha masufuria, aliacha kusugua. Mama Eustadia ndiye aliyemfundisha kuwasha moto wa kuni, ndiye aliyemkanda maji ya moto alipougua malaria, ndiye aliyempigania kwa mwenyekiti wa kitongoji alipokatiwa maji. Kila alipompelekea kikombe na kusema "pole, Mama," kikombe kilirudi kimejaa.

Dawa ya msiba wa namna ile ilijulikana, ila ilikwama njiani. Tangu enzi za mababu kutembea kwa miguu hadi pwani, mabegani pembe za ndovu, na kurudi na vitambaa na mikasa, Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani. Mtani huja msibani akalala kwenye kitanda cha marehemu, akaficha chungu cha ugali, akamsema maiti vibaya mpaka wafiwa wacheke wasipotaka, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia; akiondoka hupewa kuku wake. Mtani wa nyumba ile alikuwa Bi Sakina, Mzaramo, mshonaji wa nguo mjini Tabora, mwanamke mwenye mdomo mpana kuliko lango la soko. Akapiga simu.

"Mvua imekata barabara, tuta la reli nalo limesombwa," alisema, na sauti ikasikika hadi uani. "Mdomo ninao, miguu ndiyo sina! Tafuteni mwingine, huyo mke wa Shigela asinikaukie kabla sijafika."

Mwingine yuko wapi? Wanaume waliokuwa wakiota moto wakatazamana. Ndipo Mzee Nestory, mdogo wa marehemu, alipomwita Marit aliyekuwa akipita na ndoo.

"Mwalimu, kwenu kuna bahari?"

"Ipo, Baba. Ukifungua dirisha unaiona."

"Samaki mnakula?"

"Kila siku. Na wakavu tunao, tunawaanika nje."

Mzee Nestory akawageukia wenzake kama hakimu aliyemaliza kesi. "Mtu wa pwani huyu."

"Pwani ipi?" mmoja akabisha.

"Pwani ni pwani! Babu zetu walipofika baharini, waliuliza maji yanaishia wapi? Hawakuuliza. Basi ng'ambo ya pili nako ni pwani, na waliopo huko ni watani zetu. Hawajaambiwa tu."

Wazee wakalipima jambo hilo, wakaliona halina tundu. Marit ndiye aliyesita. Amkejeli marehemu aliyemlea? Mbele ya mjane? Yeye ambaye hata mbuzi aliwapisha njia?

"Na nikikosea, dada?" alimwuliza Levina.

"Ukikosea, mtani kakosea, tutakucheka wewe. Usipofanya kitu..." Levina akatazama barazani.

"Nifanye nini basi?"

"Jifanye Shigela. Sisi tulimwona barabarani. Wewe umekaa naye ndani."

Wakampa koti la marehemu. Mzee Shigela alikuwa mtu wa reli enzi zake, na hadi anakufa alivaa koti zito jeusi la kazini, jua liwe kali vipi. Marit akalivaa, mikono ikamfunika hadi kwenye kucha. Akavaa na kofia. Akasimama nyuma ya mlango akimwomba Mungu wa kwao na wa Mizingani kwa pamoja, kisha akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha Mzee Shigela hasa, kile cha kujisafisha koo kama mtu anayeviringisha debe tupu. Mama mmoja alipiga yowe. Marit akatoka, tumbo mbele, mikono nyuma, mguu wa kulia ukichelewa kidogo.

"Tiketi!" akafoka. "Nyie wote mliojazana hapa, nani kawapa tiketi?"

Kicheko kikalipuka upande wa wanaume. Akamwendea Mzee Nestory, akamnyooshea kidole. "We Nestory! Shoka langu uliloazima masika yale, bado unalinoa? Au umelioa?"

Hilo lilipiga penyewe, maana shoka lile kweli lilikuwa kwa Nestory, na Mzee Shigela alililalamikia kila alipokula. Nestory alicheka hadi akashika ubavu. Marit akapata nguvu. Akamtuhumu Levina kwa kuchungulia ukutani, akamlaumu katekista kwa mahubiri marefu yaliyompa marehemu usingizi hadi akasahau kuamka. Watu walikuwa hoi. Hata yeye alishangaa kuona maneno yanatoka, na kwamba anayafurahia.

Mama Eustadia hakuinua macho.

Kicheko kikapungua, kikafa pembeni pembeni. Marit akabaki amesimama ndani ya koti, jasho likimtiririka, vituko vimemwishia. Hapo akakumbuka alichokuwa akikisikia kila alfajiri kupitia ukuta wa chumba chake, kabla jogoo hajawika mara ya pili, kitu ambacho hapana mtu mwingine kijijini aliyekijua. Akaenda akakaa mkekani kando ya mjane. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai kilichomiminwa muda huo huo, mvuke ukipanda. Akakichukua, akavuta funda kubwa. Ulimi ukaungua, macho yakamtoka machozi. Akakirudisha chini kwa kishindo.

"Eustadia," akasema kwa sauti nzito ya marehemu. "Chai hii imepoa."

Nestory aliacha mkono hewani. Marit akajua amefika mbali mno, akatamani ardhi impasukie.

Mama Eustadia akageuza kichwa polepole. Akalitazama koti, vifungo vyake, mikono iliyomezwa na mikono ya koti.

"Imepoa?" Sauti ilikwaruza kwa kukaa bila kazi. "Imepoa? Tangu unioe, Shigela, chai yangu imepoa! Naichemsha mpaka sufuria inalia, wewe imepoa! Nikakupashia, nikakupashia tena, usiku wa manane nikakupashia." Akapumua. "Sasa huko ulikokwenda, nani atakupashia?"

Neno la mwisho halikutoka zima. Kilio kilichokuwa kimefungwa kikatoka kwa nguvu, akaangukia begani pa lile koti, akalia hadi mkeka ukatikisika. Wanawake hawakumnyamazisha. Walimzunguka, wakalia naye, na Marit akalia pamoja nao, kofia ikimning'inia sikioni. Alimshika vile vile alivyoshikwa yeye alipougua.

Walikaa hivyo muda mrefu. Kilio kilipotulia, Mama Eustadia akajifuta kwa ncha ya kanga, akameza mate.

"Levina. Niletee uji."

Levina alikimbia hadi akajikwaa. Mjane akanywa nusu bakuli huku watu wakijifanya hawamtazami. Marit, aibu zake za zamani zikimrudia, akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Samahani, Mama, mimi..."

"Koma!" Mama Eustadia akampiga kofi dogo la mgongoni. "Mtani anaomba samahani tangu lini? We mla samaki mkavu, umenilowanishia kanga yangu yote. Nestory, mkamatie kuku wake wa utani, yule anayempandia mezani, atoke hapa na makamasi yake."

Marit alijifuta pua kwa mkono wa koti la marehemu.

"Simtaki huyo," akasema, sauti bado inakatika. "Amekonda kama mwenye nyumba."

Na Mama Eustadia, uji mdomoni, akacheka hadi ukampalia.