Sahihi ya Ombui

...limekataliwa, amesema limekataliwa, au ni masikio yangu tu yanayotaka kusikia hivyo, maana bwana Owiti wa ofisi ya mipango ya ardhi anasoma upesi upesi kama mtu anayekimbia mvua, ombi la kampuni la kubadilisha ekari arobaini za Nyansiongo kutoka kilimo kuwa makazi ya ghorofa, limekataliwa, ndiyo, kwa sababu Kemuma, jirani yangu, amenifinya paja mpaka limeuma, na huko mbele akina mama wameshaanza vigelegele, "Tulieni, sijamaliza kusoma," anasema bwana Owiti, tutulie vipi, ghorofa nane juu ya chemichemi yetu, vyoo vya watu sijui wangapi viteremkie maji wanayokunywa ng'ombe na watoto, na ilani yenyewe waliipigilia misumari nyuma ya josho, mahali ambapo ni ng'ombe tu wangeisoma... wiki mbili zilizopita, ukumbi huu huu wa kanisa, kiti hiki hiki cha plastiki, wakili wa kampuni akainua karatasi, "Majirani wenyewe wamekubali, sahihi zao hizi hapa," akaanza kusoma majina, mimi nikiwaza maziwa niliyoyaacha jikoni bila kuyapeleka, mara nikasikia Ombui Nyangate, mume wangu, na Mungu anisamehe, niligeuka kutazama mlango, niligeuka kabisa, kana kwamba angeingia na lile koti lake la kijani akitafuta pa kukaa, kisha miguu yangu ikasimama yenyewe, mimi Bochaberi ambaye tangu shule sijawahi kusema mbele ya watu, na Kiswahili changu cha kuokoteza soko la Keroka, nikasema nataka kuiona, nikapewa, sahihi nzuri, yenye mkia uliojikunja kama ya daktari, imetiwa mwezi wa sita mwaka huu, "Huyu mtu nimemzika mimi," nikasema, "miaka tatu sasa, na hakujua kuandika, alikuwa anaweka kidole," wakili akakohoa, "Mama, labda ni Ombui mwingine," nami nikamwuliza, "Mwingine mwenye nambari ya kitambulisho ya bwanangu?" na neno kitambulisho lilipotoka mdomoni nikajua, pale pale, kwa maana kitambulisho hicho nilimpa shemeji yangu Nyabuto siku ya mazishi ashughulikie karatasi, sijakiona tena... "Kwa sababu ya sahihi zisizo halali, kamati imeridhika kwamba wakazi hawakushirikishwa," anasoma bwana Owiti, Ombui wangu, umesikia, wamekuuza ukiwa kaburini na umekataa kuuzika... na Nyabuto yuko safu ya nyuma yangu, najua bila kugeuka, harufu ya tumbaku yake, siku mbili baada ya mkutano ule alikuja akasimama mlangoni, hakuketi, "Mama Linda, usiniharibie jina, walisema watanipa nyumba moja na mimi," nami nikamwekea chai, nikamwekea chai! nikanyamaza mpaka leo, maana tangu mazishi kila kitu ni yeye, ndama auzwe lini, ua ukatwe wapi, binti yangu Linda aolewe na nani, kila nikiuliza, tutaona, Mama Linda, tutaona, na asubuhi ya leo njia nzima nimekuja nikiomba asiwepo, nikimwogopa mimi, mimi niliyemsimamisha wakili... sasa ameinama, pumzi yake kwenye shingo yangu, "Hongera, shemeji," kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyekanyaga chombo kikavunjika, na ninageuka, namtazama, mzee tu, kola imeliwa, jasho juu ya mdomo, ananiogopa, Nyabuto ananiogopa, tangu lini, pengine tangu siku ile nilipomwekea chai na sikusema kitu, "Leo jioni uje nyumbani, Nyabuto," nasema, jina lake hivyo hivyo, bila shemeji, "uje na kitambulisho cha Ombui, umwambie Linda kwa mdomo wako jina la baba yake lilifikaje kwa ile karatasi," anafungua mdomo, nadhani atasema tutaona, hasemi, anatikisa kichwa, ndiyo, hivi ndivyo ilivyokuwa rahisi, maneno machache tu, na nilikuwa nayo wakati wote... bwana Owiti amefungua ukurasa wa pili, kifungu cha nne, kifungu kidogo cha pili, kampuni inaweza kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne, wakate, tutakuja tena, nitasimama tena, hata mara kumi, Kemuma ananong'ona, "Bochaberi, unacheka nini, watu wanatuangalia," nacheka kweli, kwa sauti, meno yote nje, na wala sijaweka mkono mdomoni.