Mwanya wa Recheli

Umewahi kukaa na neno mdomoni, neno ambalo ukilitamka tu lawama inakutoka, na bado ukalimeza? Mimi nililimeza siku kadhaa, na siku ya mwisho nililimeza nimekaa kwenye benchi la daktari wa meno hapa Tabora, mkoba wangu mapajani.

Mjukuu wangu Recheli ana miaka kumi na minne, naishi naye Mtendeni. Mama yake, binti yangu Adelina, anafanya kazi Nzega. Meno ya chini ya Recheli yalikuwa yamepandana, ndipo Adelina akamfungisha nyaya za kuyanyoosha, chini na juu. Juu hayakupandana. Kulikuwa na mwanya tu katikati, kama huu wangu. Marehemu mume wangu Zablon alikuwa akisema alinioa kwa ajili ya mwanya, mengine aliyakuta ndani. Adelina yeye alichukua meno ya baba yake, yamebanana kama ukuta wa Boma la Wajerumani, na husema mwanya ni urembo wa zamani. Kwenye mwanya wa Recheli punje ya mpunga ilikuwa inapita. Mwezi wa nne wa nyaya, ulipita uzi tu.

Mwezi huo fizi zikavimba, zikaanza kutoa damu. Daktari Sabiri alinieleza polepole kwamba jino linaposukumwa, mfupa unaolishika hufanya kazi ngumu, na kazi hiyo huacha sumu yake mwilini, kama jiko linavyotoa moshi. Majani mabichi, matunda ya rangi na mimea kama mlonge ina vitu vya kuupunguza moshi huo, akaviita antioksidanti. Alisema utafiti wake bado ni mchanga, kwamba huenda vikasaidia, lakini havichukui nafasi ya mswaki.

Mimi nilishika habari ya majani. Mlonge ninao uani. Niliyachemsha, nikamwaga maji, nikayaanika kwenye jamvi juani siku tatu, kama tunavyotengeneza nsansa, mboga kavu ya majani ya kunde, tangu enzi za mama yangu. Nikatwanga, nikachekecha kwa kitambaa cheupe. Kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Wiki mbili zikapita, damu ikazidi.

Tuliporudi, daktari aliniuliza nilivyoyatengeneza. Nikamweleza yote, mpaka kitambaa. Akacheka kwa heshima. "Bibi, nguvu yake nyingi umeimwaga na maji, iliyobaki umeliachia jua." Kisha akaacha kucheka. Alisema anatupa wiki mbili za mwisho. Damu isipokatika atazitoa nyaya zote, maana fizi ikiendelea hivyo mfupa huliwa na meno hulegea.

Nikaanza upya. Safari hii majani mabichi, kwenye ungo, kivulini, chini ya kitanda cha Recheli, nikiyageuza asubuhi na jioni. Adelina alipopata habari akapiga simu kusema niache kumlisha mtoto majani, nitamharibu. Nikamwambia nimesikia.

Sasa, nikiinama kugeuza majani, macho yangu yalikuwa yanafika kwenye kikombe cha mswaki juu ya sanduku lake. Siku ya kwanza mswaki ulikuwa mkavu. Siku ya pili, mkavu. Siku ya tano buibui alikuwa amefunga uzi kutoka kwenye mswaki hadi ukingo wa kikombe.

Nikakaa kitandani. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akisimama mbele ya kioo, anapitisha uzi wa kushonea kwenye mwanya, anauvuta, anautazama. Jioni nikamuuliza kama ana neno la kuniambia. Akasema hana. Ningeweza kumpigia mama yake simu nikajisafisha. Lakini mtoto ukishamsemea, neno lake linakuwa lako. Nikangoja.

Asubuhi ya siku ya daktari, Recheli akiwa anafunga viatu, nilichukua kile kikombe nikaufuta utando wa buibui kwa kidole mbele ya macho yake. Alifunga kamba ile ile mara mbili.

Adelina alikuja kwa basi la kwanza, vumbi la Nzega bado kwenye viatu. Daktari alibonyeza fizi kwa pamba. Pamba ikatoka nyekundu.

"Si nilisema, mama?" Adelina akanigeukia. "Majani yako hayo. Mtoto umemharibu kwa ubishi wako."

Daktari naye akaniangalia. Neno likanijia hadi kwenye meno, likagonga. Nikalimeza, nikaushika mkoba. Daktari akasema hana njia nyingine, akanyoosha mkono akachukua koleo yake ndogo. Recheli alikuwa amelala kwenye kile kiti, mdomo wazi, ananitazama mimi. Nikamtazama.

Koleo ilipogusa waya wa kwanza, akamshika daktari mkono.

"Si majani ya bibi," akasema. "Sijapiga mswaki zaidi ya mwezi. Nilitaka nyaya za juu zitolewe."

Adelina akamuuliza, kwa sauti iliyoshuka ghafla, kwa nini hakusema. Recheli akafuta damu mdomoni kwa kiganja, akakaa wima.

"Hamkuniuliza, mama. Ya chini nataka yanyooke, nitapiga mswaki hata mara tano kwa siku. Ila hapa juu niachieni mwanya wangu."