Aliyekaa Dawati la Mbele

Haya, nitegulieni hiki: amekaa dawati la mbele, na bado hayupo. Ni nani?

Mama mmoja alilijua jibu. Binti yake alicheka darasani mara moja tu, na tangu hapo mwalimu akiita majina asubuhi, akifika kwake husema, "Hayupo," na kupita. Wenzake wamekatazwa kumsemesha. Wiki ya tatu sasa.

Mama akampeleka binti kwa mwalimu mkuu. Mwalimu akaitwa.

"Hata ukucha sijamgusa," akasema. "Au dada umeona alama?"

Mwalimu mkuu akamwinamia mtoto. "Unaitwa nani, mjukuu wangu?"

Mama akamshika bega. "Sema, mwanangu."

Mwalimu akatabasamu. "Mjibu mkuu, basi."

Mtoto akamtazama mwalimu wake, akajibu, "Hayupo."